Handbreki ya umeme leo inagoma, kesho inakubali: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo fundi. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigamboni kazi yangu iko mjini, kwahiyo karibu kila siku navuka na pantoni. Gari yetu ni ya viti saba, otomatiki, used kutoka Japani, huu mwaka wa tatu tuko nayo. Haina ile handbreki ya kuvuta kwa mkono, ina kitufe tu katikati ya viti, unakivuta inasikika zzzz huko nyuma alafu taa nyekundu inawaka, basi.

Tangu mvua za masika zianze kuna siku navuta kitufe taa ya njano inawaka, ile nyekundu inakonyeza haitulii, inalia alamu, na gari nikiisukuma inacheza, yaani haijashika. Nikizima nikawasha tena mara nyingi inakubali kama hakuna kilichotokea. Inaweza kukaa wiki nzima kimya, siku moja inanifanyia mara tatu. Kuachia haijawahi kugoma hata siku moja, shida ni kufunga tu. Wiki iliyopita imenigomea juu ya pantoni watoto wako nyuma, nikakaa na mguu kwenye breki mpaka ng'ambo, mguu unatetemeka.

Fundi wa kwanza kabadilisha kitufe, laki na nusu, siku ya nne ikarudi. Wa pili kachomeka kale kakifaa kadogo ka bluetooth kanakosoma kwenye simu, akasema gari haina kosa lolote. Wa tatu ana mashine kubwa, kaona kosa la saketi ya mota ya kulia, anataka tununue mota zote mbili 1,200,000. Baba watoto yeye anasema tuing'oe yote tufunge handbreki ya waya ya kawaida. Naomba unishauri kama ndugu yako kabla sijatoa hiyo hela.

*Mama wa watatu, Kigamboni*

JIBU

Marahaba mama, na pole sana kwa hiyo siku ya pantoni, nimesoma barua yako mara mbili na hapo kwenye watoto nyuma nimesimama kwanza. Kwahiyo kabla ya mambo ya waya na mota tuongelee hiyo safari ya kesho asubuhi.

Mpaka gari itengenezwe ichukulie kwamba haina handbreki kabisa, hata siku inapokubali. Ukisimama weka P, lakini usiitegemee P peke yake kwenye mteremko manake ndani ya gia boksi P ni kijino kimoja cha chuma kinaingia kwenye gia, uzito wa gari ya viti saba na watu wake ukining'inia hapo kila siku unakiumiza, na gari ikigongwa kwa nyuma kinaweza kukatika. Tafuta vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, viweke kwenye buti, na kwenye pantoni mwambie yule kijana anayepanga magari kwamba handbreki yako mbovu, akuweke sehemu tambarare katikati na akuwekee kigingi mbele na nyuma ya tairi. Usione aibu kumwambia. Na watoto wasibaki peke yao ndani ya gari hata kama unashuka dakika moja kununua maji. Kama gari yako ina ile auto hold inayoshika breki yenyewe kwenye foleni, usiifanye mbadala, ile inashika kwa mafuta ya breki kwa muda mfupi tu na ikikaa sana inaikabidhi kazi handbreki hiyohiyo inayogoma.

Haya, sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Gari nyingi za aina yako zimefungwa mota ndogo nyuma ya kila kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya tairi za nyuma. Ukivuta kitufe, kitufe chenyewe hakipeleki umeme kwenye mota, kinatuma ombi tu kwa kontrolo boksi, boksi ndo linapeleka umeme, mota inazungusha gia ndogo ndogo, gia zinazungusha skrubu ndani ya kalipa, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Boksi linajuaje kwamba imebana? Linaangalia umeme unaoliwa na mota. Mota ikiwa inazunguka bure inakula kidogo, pedi zikigusa diski na kuanza kubana inakula nyingi, ikifika kiwango boksi linakata umeme na kusema tayari. Shika hilo vizuri manake majibu yote yanatokea hapo. Kama njiani kuna waya umeoza, mota inapata umeme dhaifu, inajikongoja, kile kiwango hakifikiwi kwa wakati, boksi linawasha taa ya njano na kukataa. Ukizima na kuwasha boksi linaanza upya na kupima upya, na kama kwa sekunde hiyo waya umegusana vizuri linakubali. Ndo maana inaonekana imepona.

Kosa la namna hii, linalokuja na kuondoka, halitibiwi kwa kununua spea na kujaribu bahati, linatibiwa kwa kuvizia. Laki na nusu yako imeenda hivyo, na milioni na laki mbili inataka kwenda hivyohivyo. Sisemi yule wa tatu ni mwongo, kasoma kitu cha kweli, ila mashine imesema saketi ya mota ya kulia, haijasema mota. Saketi ni mota, ni plagi ya waya (siyo ya injini), ni waya wenyewe, ni pini za kwenye boksi, ni njia nzima. Mashine inakuonyesha mtaa, nyumba inabidi uitafute mwenyewe.

Na yule wa bluetooth naye usimlaumu sana, vile vifaa vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu, makosa ambayo namba zake zinaanza na herufi P. Breki na handbreki makosa yake kwa kawaida yanaanza na C, na ya mawasiliano kati ya maboksi yanaanza na U, hayo unahitaji mashine inayoingia kwenye boksi la ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukikanyaga breki) na la handbreki. Siku ukirudi kwa mwenye mashine kubwa mwambie asifute kwanza, asome na kuandika pembeni namba yenyewe ya kosa, na kama mashine inaonyesha picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea aangalie voltage ilikuwa ngapi wakati ule. Watu wengi wanafuta haraka taa izime mteja afurahi, ushahidi wote unapotea.

Kazi yako wewe ni daftari. Ndiyo, daftari la watoto la shule linatosha, liweke kwenye gari. Kila ikigoma andika siku, saa, mvua au jua, gari ilikuwa ya baridi au ushatembea sana, ulikuwa umebeba watu wangapi, ulitoka kwenye barabara ya mashimo au lami, gari imetoka kuoshwa au la. Wiki mbili tu. Barua yako yenyewe tayari imesema kitu kikubwa, kwamba ilianza na masika. Na mi nabashiri ukiandika utakuta inagoma zaidi ukiwa umejaza watu au umetoka kwenye mashimo, kwa sababu hapo gari inakaa chini na waya wa kwenye tairi unapinda pale ambapo siku nyingine haupindi. Ikitokea hivyo, umeshajua nusu.

Na jambo jingine unaloweza kulifanya bure: gari ikiwa sehemu tambarare, vigingi vimewekwa, P imeingia, mtoto mkubwa au baba watoto avute kitufe, wewe chuchumaa karibu na tairi ya nyuma kulia usikilize, kisha uende kushoto. Mlio wa pande mbili unatakiwa ufanane, zzzz inaanza na kuisha pamoja, mwishoni inakuwa nzito kidogo ndo inanyamaza. Upande wenye shida utausikia unachelewa kuanza, au unavuta pole pole, au unakata katikati.

Halafu betri. Usicheke, handbreki ya umeme ni kati ya vitu vinavyowahi kulalamika betri ikichoka. Gari ilale usiku mzima, asubuhi kabla hujawasha fundi apime, betri nzima inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.7. Asafishe na tamino (vichwa vya betri), na aangalie waya wa ethi, ule wa hasi unaoenda kwenye bodi. Ila betri ikichoka kwa kawaida inasumbua pande zote mbili, yako inamtaja wa kulia tu, kwahiyo napima betri ili niiondoe kwenye orodha, siyo kwamba naishuku.

Swichi ya pedali ya breki, ile inayowasha taa za nyuma, nayo ni mchawi maarufu wa hizi handbreki, ila yenyewe kwa kawaida inasumbua kwenye kuachia, manake gari inataka ione umekanyaga breki ndo iachie. Wewe kuachia haijawahi kugoma, kwahiyo hiyo naiacha.

Naelekea kwenye waya, na nakueleza kwa nini naenda huko moja kwa moja. Miaka michache nyuma nilipokea gari ya familia yenye dalili kama zako, kushoto lakini, mwenyewe alishanunua mota moja ya dukani na kosa likabaki. Nilichomoa plagi ya kwenye kalipa nikapima kwa multimita (kile kipimo cha umeme) huku boksi likiamriwa kufunga, nikakuta volti 12 kasoro kidogo. Safi kabisa, ungesema waya mzima. Nikachukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ile ya wati 55, nikaiunga kwenye plagi hiyohiyo badala ya mota, nikaamrisha tena. Balbu ikatoa uwekundu tu kama kaa la jiko linalozimika. Multimita haili umeme, inachungulia tu, hata uzi mmoja wa shaba unaitosha kukuonyesha 12, ila balbu inataka ampea 4 na zaidi na mota inataka nyingi kuliko hiyo. Nikafuata waya kutoka kwenye plagi kwenda juu, pale unapotoka kwenye bodi na kuanza kuning'inia kuelekea tairi, nje plastiki nzima haina hata mkwaruzo, lakini nilipoubana kwa vidole ukawa laini kama mrija wa juisi. Nikapasua. Ndani shaba imekuwa unga wa kijani na mweusi, nyuzi zilizobaki zimeshikana nilihesabu tatu. Kamba hukatikia pabovu, na waya wa gari pabovu pake ni hapo kwenye kupinda, maji na chumvi vikishapata kaupenyo kadogo vinatambaa ndani ya plastiki wewe huoni kitu. Sisi watu wa pwani tunalijua hili kuliko wa bara.

Kwahiyo mpelekee fundi umeme wa magari anayeelewa, mwambie hivi: aingize handbreki kwenye hali ya sevisi kwa mashine, yaani skrubu irudi nyuma na handbreki isijifunge, achomoe plagi ya kulia aangalie pini kama zina kutu ya kijani au unyevu na kama raba ya plagi ipo, kisha aitoe kwenye hali hiyo, ajaribu kwa balbu kama nilivyofanya, kulia na kushoto, alinganishe mwanga. Wakati balbu inawaka, amri ikirudiwa kila inapozima, mtu mwingine autikise waya taratibu kuanzia kwenye kalipa mpaka unapoingia kwenye bodi, sentimita kwa sentimita, aukunje kama unavyokunjika gari ikiruka shimo. Mwanga ukicheza popote, ndo hapo hapo. Hii kazi haifiki masaa mawili na haihitaji spea hata moja.

Wakiukuta umeoza wasiuzungushie nyuzi kwa vidole na kufunga soluteipu, tafadhali sana, hiyo ni breki. Na sehemu inayopinda wasichomelee kwa lehemu peke yake, lehemu inaufanya waya ugande kama msumari na unakatika pembeni ya kiungo. Wakate mpaka waone shaba inang'aa, waweke kipande kipya chenye unene uleule, viungo vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa na ile mipira yenye gundi ndani inayosinyaa kwa moto, na kiungo kiwe ndani ya bodi sehemu isiyocheza. Pini za plagi zikiwa zimeliwa zibadilishwe, wapake grisi ya plagi wafunge.

Balbu ikiwaka safi pande zote na haichezi kwa kutikisa, hapo sasa mota ya kulia naanza kuishuku. Wachukue ile mita inayobana waya kwa nje, wapime umeme unaoliwa na mota ya kulia na ya kushoto, walinganishe. Na kama mota za kwako kulia na kushoto zina namba moja, wazibadilishane, kosa likihamia kushoto basi mota ni mbovu na unanunua moja. Likibaki kulia, umeokoa hela.

Mwisho wazo la baba watoto. Namwelewa kabisa, amechoka kuona hela inaondoka, na handbreki ya waya ni kitu unachokiona kwa macho. Ila kalipa za gari yenu hazina ule mkono wa kuvutwa na waya, itabidi kubadilisha kalipa, kutafuta pa kufunga mkono, na boksi la ABS litabaki linaitafuta handbreki yake na kuwasha taa siku zote. Zaidi ya hapo, kwenye gari nyingi za hivi ukivuta na kukishikilia kitufe gari ikiwa inatembea, boksi linafunga breki za tairi zote nne kwa mafuta, ABS ikisaidia. Hiyo ni breki yako ya dharura siku pedali ikikuangusha. Mwambie nimemwomba asiitoe. Na mkishapima nitumieni majibu ya balbu, nataka kujua.

SWALI

Fundi habari yako. Niko Mombasa. Nilipeleka gari kwa makanika abadilishe pedi za nyuma, handbreki yake ni ya kubonyeza. Tangu siku hiyo upande mmoja unatoa sauti ya krrr ukifunga na dashibodi imejaa taa. Yeye anasema ni pedi mpya bado hazijazoea. Ni kweli?

*Msomaji, Mombasa*

JIBU

Salama ndugu yangu. Si kweli, na usiendelee kubonyeza hicho kitufe.

Muulize kwa upole swali moja tu, pistoni aliirudishaje ndani. Kalipa ya kawaida unabana na klampu pistoni inarudi. Hii yenye mota, skrubu iko nyuma ya pistoni, lazima kwanza skrubu irudishwe kwa mashine, ile hali ya sevisi, au gari nyingine zina utaratibu wake wa kitufe na pedali ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukibana kwa nguvu skrubu ikiwa bado iko mbele unazilazimisha gia, na ndani ya hizo mota kuna gia za plastiki, zikikatika jino moja ndo hiyo krrr unayoisikia.

Mota kwenye kalipa nyingi imeshikwa na bolti mbili tu. Vigingi kwenye tairi kwanza, P imeingia, mota ishushwe na izungushwe ikiwa mezani, ikikwaruza hapo mezani gia zimekufa. Ikiwa laini, basi skrubu ya kalipa ndo imeumia au imekwama. Ukishafahamu hilo ndo mzungumze yeye na wewe nani analipa nini. Na baada ya kazi yoyote hapo, handbreki inatakiwa ifunzwe upya kwa mashine ijue pedi mpya zina unene gani, hilo nalo wengi wanaliruka na taa zinabaki.

SWALI

Samahani fundi, swali dogo. Nikishazima gari na kufunga milango, nikiwa nshafika mlangoni kwangu, nasikia handbreki inalia zzz yenyewe na ndani hakuna mtu. Mke wangu hataki tena kuipanda usiku.

*Msomaji, Morogoro*

JIBU

Mwambie shemeji asiogope. Ukiwa umetoka kushuka mlima au umefunga sana breki, diski zimepata moto, na kitu cha moto kikipoa kinasinyaa, kwahiyo mbano uliowekwa unalegea kidogo. Gari nyingi zimepangwa kujibana tena dakika chache baadae ili isije ikateleza. Ikilia mara moja au mbili ndani ya dakika hizo za mwanzo ni kawaida. Ikilia usiku wa manane gari imeshapoa kabisa, au ikirudia rudia, hapo nenda kapime betri na uangalie kama kitufe hakijaingia maji au soda.